Majani Yasiyo ya Jikoni

Mwalimu Aristote wa Kasongo hali tena chakula kilichofungwa kwa majani. Katika mji kama huu hilo ni karibu sawa na kusema ameacha kula. Mkewe Albertine, ambaye mtaa mzima humwita Mama Elsa kwa jina la binti yao wa kwanza, hupika kwanga kila asubuhi: muhogo uliolowekwa, ukatwangwa, ukafungwa katika majani mapana ya mangongo na kuchemshwa mpaka ukashikamana. Nusu ya soko inashiba kwa kwanga ya Mama Elsa. Mumewe, ikiwekwa mezani, huinuka na kutoka nje kama mtu aliyekumbuka kufunga mbuzi. Wageni hudhani ni tumbo. Majirani wanajua si tumbo, basi hutazama pembeni na kuendelea kumega.

Miaka ishirini na miwili sasa anafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Ni mrefu, shati lake halikosi pasi, na ana tabia ya kuchuma jani la mtu bila kuomba, akalitazama dhidi ya jua, akalitia mfukoni. Wanafunzi wakamwita Bwana Ngozi. Hakukasirika hata kidogo. Aliona wamempa cheo.

Jina hilo lilitokana na kazi aliyoipenda kuliko kazi ya mshahara. Alizaliwa Wamaza, na huko, kwenye kijito alichokuwa akiogea utotoni, kuna jiwe jeusi linalopasuka vipande vyembamba kama kurasa. Ndani ya kurasa hizo alikuta majani yenye umbo la ulimi. Aliwaonyesha watu wazima wote wa kijiji; hakuna aliyelijua jani lile, na mjomba wake mmoja alimchapa kwa kulileta nyumbani. Akakua na swali lake. Alipofika Bukavu kusomea ualimu, mhadhiri mmoja mzee alilivunja jiwe la namna ile mbele yao, akalitia katika asidi, na baada ya siku kadhaa akatoa kwa kibano kitu chepesi kama ganda la kitunguu. Jani likifa, aliwaambia, nyama yake huoza, lakini ngozi ya juu, ile inayong'aa na kutelezesha maji ya mvua, haiozi upesi. Mfupa unaweza kwisha, yenyewe ikabaki. Ukiiweka chini ya darubini unaona vyumba vidogo vidogo vimepangwa kama matofali, na kati yake vinywa ambavyo jani lilipumulia. Kila ukoo wa mimea una namna yake ya kupanga vinywa hivyo. Ukijua kusoma, utajua jani ni la nani hata kama mmea wenyewe ulitoweka duniani kabla mtu wa kwanza hajawasha moto.

Aristote alirudi Kasongo na elimu hiyo bila chombo hata kimoja, lakini hakukaa kulia. Darubini aliikuta kabatini shuleni, kioo chake kimepasuka, inafanya kazi pale tu jua linapowaka. Asidi aliipata kwa wanunuzi wa dhahabu, wale wanaodondoshea tone kwenye dhahabu kujua kama ni ya kweli. Baada ya asidi, ngozi ya jani huhitaji kuoshwa kwa maji makali ya majivu. Hayo aliyachota kwenye chungu cha mkewe, anayechoma maganda ya ndizi na kuyachuja apate chumvi ya kupikia mboga. Na alipotaka kunakili ngozi ya jani bichi alilipaka verni, ile rangi ya kucha, akaiacha ikauke, akaibandua ikiwa na alama zote. Verni ilikuwa ya Albertine pia. Tazama basi: majivu ya mkewe, verni ya mkewe, beseni la mkewe, na katika miaka yote hiyo hakumwuliza mkewe swali moja kuhusu majani, mwanamke ambaye mikono yake hushika majani mia mbili kwa siku.

Katika daftari lake alichora ngozi za mimea mia tatu na kumi na nne ya Maniema, na za yale majani ya jiwe la Wamaza. Kwenye ukurasa wa kwanza aliandika kanuni aliyoigundua mwenyewe, maana alikuwa amefukia majani kwenye bwawa miaka miwili na kuyafukua: jani lililofukiwa juzi bado lina nyama iliyonata kwenye ngozi, na huitoi bila asidi, lakini jani la kale limebaki ngozi tupu. Kanuni nzuri. Aliijaribu kwa majani ya mto, ya bwawa, ya msitu na ya jiwe. Ya jikoni hakuyajaribu. Nani angefikiria?

Ndipo akaja Raphaël.

Raphaël alikuwa mdogo wake Albertine, kitinda mimba. Mama yao alifariki Raphaël akiwa bado ananyonya, na Albertine, msichana wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akamfundisha kutembea. Mpaka alipokuwa na ndevu alikuwa akimwita dada yake mama. Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye sauti ya kujaza nyumba. Siku hizo alikuwa PDG kule Salamabila, yaani mkurugenzi mkuu kwa Kifaransa, ndivyo wachimbaji wa dhahabu wanavyomwita mwenye shimo, ingawa udirekta wake ulikuwa buti za mpira, pampu moja ya kukopa na wachimbaji sita. Alifika Kasongo baada ya siku nzima kwenye pikipiki, ametapakaa vumbi mpaka kwenye kope, na kabla hajanywa maji alitoa kwenye begi mfuko wa nailoni wenye bonge la udongo wa kijivu.

Mambo yalikuwa hivi. Shimo lake lilikuwa limeshuka mita kumi na tano, na pembeni mwake wakagonga udongo huo laini uliojaa majani. Kwa mchimbaji majani ya chini namna hiyo yana maana mbili tu. Ama ni kitanda cha mto wa kale, hapo dhahabu imelala chini yake na ardhi imejishindilia tangu dunia ianze. Ama ni shimo la watu waliotangulia, lililojaa tope na maji, na ukilitoboa kwa ubavu linakumwagikia lote. Mchimbaji mmoja, Bulaimu, alikuwa amekataa katakata. Alisema udongo ule una harufu ya watu. Lakini Bulaimu alikuwa mgomvi, mtu wa kununa, na mara mbili mwaka ule alikuwa amesimamisha kazi kwa hofu zake na pakaonekana hapana kitu. Wenzake walikuwa wamemchoka. Hata hivyo hakuna aliyeshuka tena, na Raphaël akawaambia wangoje, kwa sababu shemeji yake wa Kasongo ana mashine ya kujua umri wa majani.

“Shemeji, hapa iko maisha ya watu,” alisema, na safari hii hakucheka. “Niambie tu: tushuke ao tuache?”

Hebu fikiri. Maisha mazima mtu huyu amekaa na daftari ambalo hakuna aliyemwomba kulifungua. Mkuu wa shule aliiita kazi yake michezo. Profesa mmoja wa Bukavu aliyempelekea michoro alimjibu mara moja, mistari miwili, kisha kimya cha miaka minne. Leo mtu anasafiri siku nzima kuja kumwuliza yeye. Kichwa kilimvimba, na tusimwonee, cha nani kisingevimba?

Alilowesha lile bonge uani, katika beseni la mkewe. Udongo ulilainika, na vipande vya majani vikaanza kuelea, vya rangi ya chai. Aristote akachukua kimoja kwa kibano, akakitikisa majini taratibu, na ngozi ikajitoa yenyewe, nzima, safi, bila asidi wala majivu. Nyama hakuna. Hata uzi mmoja hakuna. Akalifungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, akaisoma tena kanuni yake: ngozi tupu, jani la kale.

Albertine alikuwa anatoka jikoni na vidole vyake vina muhogo. Aliona majani ndani ya beseni lake, akainama, akanyoosha mkono achukue kipande. Mumewe akalivuta beseni upande.

“Acha, Mama Elsa,” alimwambia. “Haya haiko majani ya jiko.”

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa sauti ile ya darasani, ya kumtuliza mwanafunzi aliyenyoosha kidole bila kujua jibu. Albertine akaufuta mkono kwenye kitenge na kurudi kwenye moto wake.

Kesho yake, jua lilipopanda, Aristote aliiweka ile ngozi chini ya darubini. Aliona vyumba vyenye kingo za mawimbi, na vinywa vimekaa viwili viwili, na akaujua ukoo mara moja: ni ukoo wa mangongo. Lakini kulikuwa na tofauti. Vyumba vilikuwa vimenyauka na kujikunja, na vinywa vyote, kila kimoja, vilikuwa vimefumbwa. Katika mangongo ya daftari lake vinywa vilikuwa wazi. Mtu mwenye subira angejiuliza kitu gani kinaweza kufumba vinywa vyote vya jani kwa pamoja. Aristote alijiuliza, ndiyo, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha akajijibu alivyotaka kujibiwa: huyu si mangongo, huyu ni babu wa mangongo, mmea uliokufa zamani ambao hakuna macho ya mtu yaliyowahi kuuona. Aliuchora ukurasa mzima. Pembeni aliandika kwamba mmea huu, ukikubaliwa na wakubwa wa elimu, ataupa jina la Albertine. Alimpenda mkewe, hilo ni kweli. Alikuwa tayari kulipa jani jina lake, ila si kumpa yeye jani alishike.

Akamwandikia Raphaël karatasi. Tena akaigonga muhuri wa maktaba ya shule, ili wachimbaji waiheshimu. Iliandikwa kwamba majani haya ni ya kale kupita kiasi na kwamba udongo huu haujapata kuguswa na mtu. Michoro akaituma kwa simu kwa yule profesa wa Bukavu. Raphaël alimbusu shemeji yake kwenye paji la uso, akamnyanyua dada yake juu kama mtoto, akaondoka na kwanga sita kwa ajili ya njia.

Kule Salamabila karatasi ilisomwa mara mbili kwa sauti. Bulaimu hajui kusoma; aliuliza kama huyo mwalimu alifika shimoni. Wakamwambia hapana, lakini ana mashine. Akakusanya sepetu yake na kofia, akasema yeye hashuki kwa karatasi. Walimzomea mpaka akapotea machoni. Wengine wakashuka.

Siku kumi na tisa baadaye ubavu ulitoboka. Waliokuwa juu wanasema hakukuwa na kelele kubwa, ila shimo liligugumia kama koo, na maji meusi yakapanda. Raphaël alikuwa chini na wengine wawili. Pampu ilivuta siku tatu. Wa kwanza kurudi kuchimba tope, bila kuitwa, alikuwa Bulaimu.

Albertine na mumewe walifika huko siku ya pili ya kuvuta maji, kila mmoja kwenye pikipiki yake. Mtaa wa wachimbaji ulikuwa umewatandikia wafiwa mikeka chini ya hema la plastiki, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Siku ya tatu walitoa miili. Albertine alimwosha mdogo wake mwenyewe. Walitaka kumzuia, akawaambia kwamba alimwosha alipozaliwa, na hawakumzuia tena. Masikio yalikuwa yamejaa udongo wa kijivu, na aliutoa kwa ncha ya kanga mpaka ukaisha.

Baada ya maziko, watu wakiwa wamekaa mikekani, Bulaimu alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Aristote. Mkononi alikuwa na kitu kilichotoka kwenye tope. Hakukiosha.

“Mwalimu,” alisema, “nimekuletea kazi.”

Kilikuwa kifurushi cha jani. Kidogo, cha pembe nne, kimefungwa kwa utepe wa bua, fundo bado limekaza. Kulikuwa na vingine chini, Bulaimu alisema, rundo zima, pamoja na tochi ya kizamani na kandambili moja: shimo la watu wa miaka ya vita, walikula humo, wakaacha humo takataka zao, kisha wakaondoka au wakafia humo, nani ajuaye. Aristote alikipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza. Hakuwa na darubini wala jua la kutosha, na bila hivyo hakujua afanye nini nacho.

Albertine akanyanyuka kwenye mkeka wa wanawake. Alivuka mpaka upande wa wanaume, jambo ambalo halifanywi matangani, na hakuna aliyemkemea. Akakichukua kile kifurushi, akafungua fundo kwa jino, akalikunjua jani. Lilikunjuka bila kuvunjika, ndani mna tope tu. Akapitisha kidole gumba kwenye mgongo wa jani, pale penye mshipa mkubwa.

“Mshipa walikwangua na kisu, ili likunje,” alisema. “Na walilipitisha kwa moto, ili lisipasuke. Kisha likachemka pamoja na muhogo, asubuhi nzima. Nyama itabaki namna gani?”

Watu wote walikuwa wakimtazama mwalimu. Albertine aliendelea kulishika jani, na sauti yake haikupanda.

“Uliniambia haiko majani ya jiko. Nilikuwa pale, Baba Elsa. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya beseni.”



Ungetarajia Albertine aondoke, arudi kwao, avunje ile darubini. Hapana. Albertine alirudi Kasongo, akawasha moto wake. Watoto wa Raphaël, watatu, aliwachukua wakaishi nyumbani hapo, na mdogo wa mwisho ana sauti ile ile ya baba yake. Hamtukani mumewe. Anampa maji ya kuoga, anamwekea chakula, anamjibu akiulizwa. Ila asubuhi anapopitisha majani motoni, moja moja, jani likibadilika kutoka kijani kibichi na kuwa la kung'aa, kisha likalegea kama kitambaa, hugeuka akalitazama dirisha la mumewe. Anajua yumo ndani na anaona. Naye yumo ndani, na anaona.

Baada ya siku arobaini Aristote alifanya alichopaswa kufanya mwanzo. Aliomba jani moja. Aliliomba, hakulichukua, na Albertine alimpa lililokwisha kuchemka. Alilipeleka shuleni, akalitikisa majini, na ngozi ikajitoa yenyewe, safi, rangi ya chai. Chini ya darubini vyumba vilikuwa vimenyauka na vinywa vyote vimefumbwa kwa sababu ya moto. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Alikaa pale mpaka jua likahama kwenye kioo na picha ikazimika. Kisha akafunika darubini kwa kitambaa na kumpa mkuu wa shule ufunguo wa kabati.

Mwezi uliopita simu yake ililia mezani. Ulikuwa ujumbe wa profesa wa Bukavu, mrefu safari hii, na Albertine aliyekuwa akikwangua mishipa ya majani mlangoni akamwambia asome kwa sauti, maana katika nyumba hii ameshachoka na mambo yanayosomwa peke yake. Akasoma. Profesa alisema michoro ni mizuri kupita yote aliyowahi kupokea kutoka kwa mwalimu wa shule. Alisema hajapata kuona ngozi ya jani yenye vinywa vilivyofumbwa namna hiyo, huenda ni kitu kipya kabisa, na anataka kuwaandikia wenzake. Mwishoni aliuliza jambo moja la utaratibu tu: kabla ya kuamua, kuna mtu mwingine yeyote hapo Kasongo anayejua majani, ambaye mwalimu alimwonyesha?

Aristote aliinua macho kutoka kwenye simu. Kisu cha Albertine kilikuwa kimesimama juu ya mshipa wa jani.

“Mujibu,” alisema. “Mwambie mutu alikuwako. Mwambie haukumwonyesha.”

Akasubiri mpaka alipomwona ameanza kuandika, kisha akaendelea kukwangua, maana majani yalikuwa bado mengi.